Kununua au Kuuza Ploti ya Ufuoni: Mambo Ambayo Hati Miliki Pekee Haionyeshi

Kuanzia Mtwapa, Takaungu na Kilifi hadi Watamu, Mayungu na Ngomeni, ardhi iliyo karibu na bahari inatafutwa na watu wa kila aina. Wako wanaotaka nyumba ya kuishi baada ya kustaafu, wanaotaka vyumba vya kupangisha wageni, na wanaonunua wakisubiri bei ipande. Ufuo huo huo ndipo wavuvi wanapoegesha mashua na ngalawa zao, ndipo mama karanga wanaponunua samaki wa kukaanga, na ndipo wanawake wanaposhuka maji yanapokupwa kutafuta pweza miambani.

Migogoro mingi ya ardhi ya ufuoni huanza pale mnunuzi anapotazama karatasi na kusahau kutazama ardhi yenyewe. Makala haya yanaeleza sheria inasema nini, na hatua ambazo mnunuzi na muuzaji wanapaswa kufuata kabla ya pesa kubadilisha mikono.

Ufuo si wa mwenye ploti

Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, inaeleza kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hakuna ploti ya "mstari wa kwanza" inayoingia hapo. Mwenye nyumba hawezi kuzuia mtu kupita mchangani, kuvuta mashua au kuanika wavu mahali hapo kwa madai kwamba ni mbele ya nyumba yake.

Zaidi ya hapo, Kanuni za Upimaji wa Ardhi za mwaka 1994 zinasema kwamba ardhi ya serikali inayopakana na bahari inapopimwa ili kugawiwa, kwa kawaida hutengwa ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Kwa hivyo ploti ambayo ramani yake inafika hadi majini inastahili kuulizwa maswali: ilipimwa lini, na nani, na kwa idhini gani?

Mikoko nayo ina ulinzi wake. Misitu ya mikoko ya Pwani ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932. Anayeuziwa ploti yenye mikoko pembeni mwa Mida au hori lolote lile asidhani kwamba anaweza kuikata apate mandhari ya maji. Ukataji unahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu.

Njia ya wavuvi ni haki

Katika vijiji vingi, njia ya kwenda bandarini hupita katikati ya mashamba na ploti za watu. Mara nyingi njia hiyo haionekani kwenye hati, na mnunuzi mpya anapojenga ukuta, wavuvi hulazimika kuzunguka mbali wakiwa wamebeba injini, nyavu na samaki wanaoharibika kwa joto.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, Kifungu cha 28, inatambua kwamba ziko haki zinazoifunga ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye sajili. Miongoni mwake ni haki za njia. Vilevile, Sheria ya Ukomo wa Mashtaka inasema kwamba njia iliyotumiwa wazi, kwa amani na bila kukatizwa kwa miaka 20 inaweza kuwa haki kamili ya wanaoitumia. Anayenunua ploti yenye njia ya namna hiyo ameinunua pamoja na njia yake.

Kwa sababu hiyo, mnunuzi anashauriwa kuzungumza na Kamati ya Usimamizi wa Ufuo, maarufu BMU, ya eneo hilo kabla ya kutia sahihi. Viongozi wa BMU wanajua mashua hutua wapi, njia ni zipi, na zimetumika tangu lini.

Hati miliki ina historia yake

Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa uamuzi ambao kila mnunuzi wa ardhi ya Pwani anapaswa kuufahamu. Kesi hiyo ilikuwa kati ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ilihusu ploti moja eneo la Nyali, ambayo iligawiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 na baadaye ikauzwa. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta wa ploti hiyo ili kufungua njia ya kwenda ufuoni.

Kampuni ilijitetea kwamba ilinunua kwa nia njema, na kwamba ilikuwa na hati. Mahakama iliona kwamba ardhi hiyo ilikuwa sehemu ya wazi ya umma na kwamba haikugawiwa kwa kufuata sheria tangu mwanzo. Hati iliyozaliwa na ugavi usio halali haikuweza kumlinda aliyeinunua baadaye, hata kama yeye mwenyewe hakufanya kosa.

Fundisho la uamuzi huo ni kwamba mnunuzi hapaswi kutosheka na jina lililo kwenye hati ya leo. Anapaswa kufuata nyayo hadi mwanzo: ardhi iligawiwa na nani, kwa barua ipi, kwa ramani ipi, na ilikuwa ya matumizi gani kabla ya kugawiwa.

Kwa nini shamba lenye hati lina wenyeji ndani yake

Hali nyingine ya kawaida Pwani ni shamba lenye hati ya mtu aliye mbali, huku familia zikiishi humo kwa vizazi. Chanzo chake ni cha zamani. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi wawasilishe madai yao ya umiliki. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya utawala wa Mwingereza. Jamii nyingi za Wamijikenda, ambazo zilimiliki ardhi kwa pamoja kufuatana na desturi, zilijikuta hazina karatasi yoyote na zikaitwa maskwota katika ardhi ya wazee wao.

Sheria ya leo inamruhusu mtu aliyekaa wazi kwenye ardhi ya kibinafsi kwa miaka 12 bila idhini ya mwenyewe, na bila kuondolewa, aende mahakamani kuomba atambuliwe kuwa mmiliki. Haki hiyo haihusu ardhi ya serikali. Mnunuzi anayekuta nyumba, makaburi au minazi ya watu kwenye ploti, kisha akaambiwa na dalali "hao wataondoka tu", ananunua kesi.

Hatua za kufuata

1. *Upekuzi rasmi.* "Sachi" hufanywa katika ofisi ya sajili ya ardhi, au kupitia mfumo wa Ardhisasa kwa maeneo ambayo rekodi zake zimeingizwa humo. Huonyesha jina la mwenye ardhi, mikopo na zuio lolote. Nakala iliyoletwa na dalali haitoshi.

2. *Mpimaji wa ardhi aliyesajiliwa.* Athibitishe bikoni ziko mahali pake, na kwamba ploti inayoonyeshwa kwa kidole ndiyo iliyo kwenye ramani.

3. *Kutembelea ploti zaidi ya mara moja.* Inafaa kufika wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa, na tena wakati wa kusi, mawimbi yanapokula ufuo. Ploti inayoonekana pana wakati wa maji mafu inaweza kuwa nyembamba sana siku hiyo.

4. *Mkataba wa maandishi.* Mauzo ya ardhi kwa maneno hayana nguvu mahakamani. Mkataba lazima uandikwe, utiwe sahihi na pande zote mbili na ushuhudiwe. Barua ya mzee wa mtaa au chifu haichukui nafasi ya hati.

5. *Idhini.* Ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba kufanywa. Ikiwa ni mali ya ndoa, mume na mke wote wawili wakubali.

6. *Ada na kodi.* Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani katika maeneo ya miji na asilimia 2 mashambani. Muuzaji hulipa asilimia 15 ya faida aliyopata. Ada za ardhi za kaunti ziwe zimelipwa zote na cheti kutolewa.

Asiye raia wa Kenya hawezi kupata umiliki wa kudumu. Kifungu cha 65 cha Katiba kinamruhusu kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Kumtumia mwenyeji kama jina la bandia hakumlindi yeyote kati yao.

Kwa familia inayofikiria kuuza

Pesa za ploti huisha, na ardhi ya ufuoni ikishauzwa ni vigumu mno kununua nyingine. Familia haina lazima ya kuuza yote. Inaweza kukodisha kwa miaka maalumu kwa mkataba uliosajiliwa, kuuza sehemu na kubakisha nyingine, au kuingia ubia ambamo ardhi inabaki kuwa yake. Lolote watakaloamua, njia ya bandarini iandikwe kwenye mkataba na ionyeshwe kwenye ramani kabla ya ploti kukatwa. Ardhi ya urithi isiuzwe na ndugu mmoja kabla mirathi haijakamilika.

Kujenga na kuishi karibu na bahari

Sheria ya Mipango ya mwaka 2019 inataka kila ujenzi upate idhini ya kaunti kwanza. Anayejenga bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili. Miradi ya ufuoni huhitaji pia kibali cha NEMA kuhusu athari kwa mazingira.

Kuna mambo ya kiufundi ambayo wajenzi wa bara huyasahau. Mchanga wa bahari una chumvi inayokula vyuma ndani ya zege, kwa hiyo usitumike. Kisima kilicho karibu na maji, kikivutwa kupita kiasi, huanza kutoa maji ya chumvi na kuharibu visima vya majirani. Choo cha shimo kikichimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, uchafu huteremka hadi baharini kupitia nyufa za mwamba. Ukuta mbele ya bahari huweza kulinda ploti moja huku ukisukuma mmomonyoko kwa jirani.

Mambo haya yanagusa mfuko wa mwekezaji mwenyewe, kwani mgeni huja kwa ajili ya ufuo safi, samaki wabichi na matumbawe hai. Wakazi wa Kuruwitu walipotenga mwaka 2005 takriban hekta 30 za bahari zisivuliwe, samaki walirejea na wageni wakaja kuogelea na kuyatazama matumbawe.

Mkazi mwenye shaka kuhusu ploti, njia ya ufuoni au ujenzi unaoendelea anaombwa kufika katika ofisi ya ardhi na mipango ya kaunti au kwa msimamizi wa wadi yake, akiwa na namba ya ploti, kabla ya kulipa chochote.