Pantoni kuukuu: Tafuta maji tumboni kabla ya kununua injini

KWA mkulima wa Ngara ambaye mto Ruvuvu umemtenga na barabara kuu ya Kasulo na Rusumo, pantoni ikichelewa ni hasara. Ndizi zinaiva, na lori la mnunuzi halilali likimsubiri mtu. Wilayani humo kazi ya kuvusha imekuwa ya kivuko MV Ruvuvu, chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA).

Chombo kikizeeka hupungua mwendo, na wazo la kwanza la wengi ni kufunga injini kubwa zaidi. Hesabu inakataa. Pantoni hairuki juu ya maji kama boti ya mbio, inayasukuma. Ukiipa nguvu maradufu, iliyokuwa ikienda kilomita 8 kwa saa itafika kama 10 tu, na dizeli itakaribia mara mbili.

Mara nyingi kasi iliyopotea imo tumboni mwa chombo. Maboya ya chuma hutobolewa na kutu, maji yakaingia kidogo kidogo, na kila mita moja ya ujazo ni tani nzima isiyolipa nauli. Ubaya wake si mwendo tu: chombo kikiinama, maji hayo hukimbilia upande huohuo na kukiinamisha zaidi. Basi maboya yafunguliwe, yanyonywe kwa pampu na kuzibwa kabla ya kuwaza mengine.

Kinachofuata ni kukwangua uchafu wa chini na kupaka rangi, kisha kukagua propela iliyopinda au kulika. Injini nzima ikishindwa kufikia mizunguko iliyowekwa na mtengenezaji, huenda propela ni nzito kwake. Nozeli na chujio la dizeli ni gharama ndogo. Magari nayo yasirundikwe mbele.

Kishawishi kibaya ni kufidia safari zilizopotea kwa kujaza watu. MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018, kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliokufa walizidi 220.

Fundi akimaliza, muda wa kuvuka upimwe kwenda na kurudi, kwa mzigo uleule na kimo kilekile cha maji kama kabla ya matengenezo. Mkondo wa masika na wa kiangazi haulingani.