Bawabu wa Mtambo Pepe: Kuhusu Kipimamuda cha Ulinzi

Makala haya yananuia kueleza namna ya kusanidi kipimamuda cha ulinzi katika mtambo pepe, yaani tarakilishi iliyoundwa kwa programu ndani ya tarakilishi halisi. Tarakilishi halisi huitwa mwenyeji, nayo ile pepe huitwa mgeni. Tatizo ni kwamba mgeni aweza kukwama kimyakimya. Mwenyeji humwona yu hai, kwani programu inayomwendesha haijakatika. Kumbe ndani, kiini cha mfumo kimeganda. Iwapo mtambo huo ndio unaohifadhi tasnifu na matini za utafiti za idara, ukikwama Ijumaa jioni huenda pasiwe na atakayetambua hadi Jumatatu.

Waingereza wamekiita kifaa hiki mbwa wa ulinzi. Jina hilo lapotosha kidogo, kwani mbwa hubweka asikiapo kishindo, ilhali kifaa hiki huchukua hatua kikosapo kusikia lolote. Mwandishi huyu angependelea bawabu anayetarajia hodi. Kifaa huhesabu sekunde kuelekea sifuri. Programu iliyo ndani ya mgeni hubisha hodi kwa kuandika katika faili /dev/watchdog, na kila hodi huirejesha hesabu mwanzo. Hodi ikikosekana hadi muda uishe, mwenyeji huingilia kati.

Programu ya QEMU huiga chipu ya Intel iitwayo 6300ESB. Anayetumia libvirt huongeza kipengele watchdog miongoni mwa vifaa vya mtambo, akitaja model kuwa i6300esb na action kuwa hatua anayoitaka. Wengi huishia hapo, nao wamefanya nusu ya kazi tu. Katika Linux, bawabu huyu haanzi kuhesabu hadi faili ile ifunguliwe. Sharti basi mgeni awe na kiendeshi cha i6300esb, ambacho muda wake wa kawaida ni sekunde 30, pamoja na mbisha hodi. Penye systemd, yatosha kuandika RuntimeWatchdogSec=20; hodi itabishwa angalau kila sekunde 10. Muda mfupi mno ni hatari: mwenyeji akilemewa na kazi, mgeni mzima atachelewa kubisha hodi na kuadhibiwa bure.

Kuhusu hatua, reset humwanzisha mgeni upya ghafla, mithili ya kung'oa waya wa umeme. Kisichokuwa kimeandikwa kwenye diski hupotea. Hatua ya pause humsimamisha ili achunguzwe, nayo dump huhifadhi picha ya kumbukumbu yake. Shutdown haifai: ni kumwomba aliyezirai ainuke afunge mlango. Kwa maoni yetu, yafaa kuanza na pause wakati wa majaribio, kisha kuhamia reset.

Majaribio hayo si ya hiari. Kwenye mgeni asiye na data ya thamani, andika herufi c katika /proc/sysrq-trigger. Kiini kitaanguka papo hapo. Iwapo kiini hakikuagizwa kujianzisha chenyewe baada ya kuanguka, hatua uliyoichagua itaonekana muda ukiisha.

Hata hivyo, hodi huthibitisha tu kwamba kiini na mbisha hodi wangali hai. Hifadhidata ya tasnifu yaweza kuwa imekufa kitambo huku hodi zikiendelea kubishwa kwa utaratibu. Kwa hiyo penye hifadhidata, ni heri kutumia programu inayoweza kuendesha jaribio la kuisoma hifadhidata yenyewe kwanza, na kubisha hodi pale tu inapojibu.