Kompyuta za wingu: Piga hesabu kabla ya kuhamia

WAFANYABIASHARA wanaotaka kuhamishia hesabu za mauzo na stoo kwenye kompyuta za wingu wanashauriwa kukokotoa gharama mapema, kwani huduma hii huuzwa kwa saa na kwa kawaida bei zake hutajwa kwa dola za Marekani.

Wingu si kitu cha angani. Ni majumba yenye maelfu ya seva, ambazo mteja huzitumia kupitia intaneti na kulipa kadiri alivyotumia, kama umeme wa mita. Amazon ilianza kuuza huduma hiyo mwaka 2006. Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google Johannesburg mwaka 2024.

Faida yake ni kwamba mwenye biashara hahitaji mtaji wa kununua seva, jenereta na kiyoyozi. Hasara huanzia kwenye uzembe. Tuchukulie seva inakodishwa kwa senti 10 za dola kwa saa. Ikiachwa inafanya kazi usiku na mchana kwa siku 30, hizo ni saa 720, yaani dola 72. Ikiwashwa saa 10 kwa siku 26 tu za kazi, ni dola 26. Diski hulipiwa hata seva ikizimwa. Shilingi ikishuka thamani, bili hupanda ingawa matumizi ni yale yale.

Kuzuia hasara za aina hiyo ndiyo kazi ya msanifu wa wingu. Mtihani wa Amazon wa ngazi ya kati kwa wasanifu hugharimu dola 150 kabla ya kodi. Una maswali 65 kwa dakika 130, na mtahiniwa hufaulu kwa alama 720 kati ya 1,000. Cheti hudumu miaka mitatu. Ule wa Google hugharimu dola 200 na cheti chake hudumu miaka miwili. Mitihani yote miwili hailazimishi kuhudhuria kozi, hivyo anayetaka kuwekeza katika fani hii asikubali kuuziwa kozi kwa madai kwamba ni ya lazima.

Kwa mwajiri, cheti peke yake hakitoshi. Mwombaji aulizwe atarejesha vipi kumbukumbu zikipotea, na nani atabaki na funguo za akaunti akiacha kazi. Pia azijue sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, ambazo zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za wateja nje ya nchi.

Mwenye duka dogo na aanze na nakala za akiba tu, aweke tahadhari ya bajeti, na aikague bili kila wiki. Tahadhari hiyo humjulisha tu. Seva haizimiki yenyewe.