Mimea ya Nyumbani: Tusiiue kwa Wingi wa Maji

Katika nyumba zetu nyingi za mijini, ambako hakuna uwanja wa kupandia, imekuwa ada kuweka chungu cha maua sebuleni au barazani. Ni jambo la kupendeza. Lakini aghalabu miezi michache haipiti ila majani hugeuka manjano, shina hulegea, na chungu kikatupwa nyuma ya nyumba. Mwenye nyumba husema, "Mimi sina mkono wa kupanda."

Sivyo. Mara nyingi mmea huo haukufa kwa kusahauliwa, bali kwa kumwagiliwa kupita kiasi.

Inafaa tufahamu kwamba mizizi nayo huhitaji hewa. Katika udongo mzuri zimo nafasi ndogo ndogo zenye hewa. Maji yakimwagwa kila siku, nafasi hizo hujaa maji, mizizi hukosa pumzi na huanza kuoza. Mzizi uliooza hauwezi kunywa, hivyo majani hunyauka ijapokuwa udongo umelowa. Hapo ndipo wengi wanapopotea: huona majani yamenyauka, hudhani ni kiu, wakaongeza maji, na mmea ukaangamia.

Tufanyeje basi? Kwanza, chungu kiwe na tundu chini. Hata kopo au ndoo kuukuu yafaa, mradi itobolewe. Maji yatakayobaki katika kisahani yamwagwe baada ya nusu saa.

Pili, tusimwagilie kwa mazoea, bali kwa kidole. Tuchomeke kidole katika udongo hadi pingili ya pili. Ukiwa na unyevu, tuuache. Ukiwa mkavu, tumwagilie taratibu hadi maji yatokeze chini. Wakati wa masika udongo hukawia kukauka, kwa hiyo kipimo cha kiangazi hakifai wakati wa mvua.

Tatu, mmea ukae karibu na dirisha, pasipo kupigwa moja kwa moja na jua kali la mchana. Majani mapana yafutwe vumbi kwa kitambaa chenye majimaji, ili yapate mwanga.

Anayeanza na achague mmea mvumilivu. Sansevieria, wenye majani marefu yaliyosimama kama panga, huhifadhi maji katika majani yake mazito. Waweza kukaa wiki mbili au zaidi bila kumwagiliwa.

Kwa wakazi wa sehemu za baridi kiasi, lipo ua dogo la asili ya kwetu, Saintpaulia. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alilipeleka Ujerumani kutoka milima ya Usambara, mkoani Tanga. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina hilo. Leo lapamba madirisha katika nchi nyingi, hali misitu ya asili yake inapungua. Kwao huota kivulini, juu ya miamba, mahali ambapo maji hupita wala hayatuami. Basi hata chunguni lataka hivyo hivyo. Tusiling'oe msituni, kwani jani moja lenye kikonyo, likichomekwa katika udongo mwepesi, hutoa miche mipya.

Aidha, wenye watoto wadogo wawe na hadhari. Dieffenbachia, wenye majani makubwa ya kijani yenye mabaka meupe, una utomvu mkali. Mtoto akiutafuna, mdomo na ulimi huwaka na kuvimba, na hapana budi kumpeleka kwa daktari. Mmea wa namna hiyo usiwekwe mahali mtoto anapoweza kuufikia. Na bora zaidi usiletwe kabisa katika nyumba yenye mtoto anayetambaa.

Ama watoto waliokwisha kupata akili, tuwakabidhi chungu kimoja kiwe amana yao. Siku moja katika juma, tuseme Ijumaa asubuhi, mtoto aguse udongo mbele ya mzazi, kisha aseme mwenyewe kama mmea una haja ya maji au hauna. Siku atakayosema, "Leo bado," akarudisha kopo lake la maji mahali pake, atakuwa amekwisha kujua kwamba anayehudumiwa hupewa anachokihitaji, wala si kile tunachopenda sisi kutoa.