Mgonjwa anaposema 'inatosha': maumivu, usingizi na haki ya kukataa tiba

CHUKULIA mfano wa mzee wa miaka 78 anayeishi na bintiye katika mojawapo ya nyumba kuukuu za mtaa wa Woodley, Nairobi. Saratani ya tezi-kibofu imekwisha kuenea mifupani. Mchana hujikaza akapokea wageni, lakini ifikapo saa nane za usiku, soko la Toi likiwa limenyamaza, huketi kitandani akigumia. Bintiye naye hukesha. Katika wiki ya tatu mzee anatamka: "Msinirudishe hospitalini. Inatosha."

Hapo ndipo jamaa hugawanyika. Mmoja hudai kwamba baba amekata tamaa. Mwingine huona kuwa kumkubalia ni sawa na kumwua. Wa tatu, aliye ng'ambo, hupiga simu akiagiza kila linalowezekana lifanywe. Na aghalabu huyo ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, ingawa hajapata kuuona usiku mmoja wa nyumba hiyo.

Hata hivyo, kabla ya kuulizana iwapo ombi la mzee ni halali, yafaa kwanza kuulizana ni nani anayesema: ni yeye au ni maumivu yake?

Maumivu humnyima mtu usingizi, na asiyelala huyasikia maumivu makali zaidi siku ifuatayo. Mzunguko huo ukiendelea kwa majuma, moyo huzama. Huzuni ya mgonjwa anayejua kuwa safari yake inakaribia kikomo ni jambo la kawaida; huja na kuondoka, na katikati yake aweza kucheka na wajukuu. Ugonjwa wa sonona ni kitu kingine. Mwenye sonona haoni raha katika lolote, hujiona mzigo usio na thamani, na mara nyingi huamka alfajiri mno asilale tena. Sonona hutibika hata kwa mtu ambaye saratani yake haiponi. Kuna pia mkanganyiko wa akili, ambapo mgonjwa hulala mchana na kuweweseka usiku. Huo mara nyingi husababishwa na maambukizi, ukosefu wa maji mwilini au dawa fulani, na daktari aweza kuupunguza.

Dawa inayohofiwa kuliko zote katika nyumba kama hiyo ni mofini. Wengi huamini kwamba ikianza kutumiwa kifo kimefika, au kwamba mgonjwa atakuwa mraibu. Mofini ya kunywa, ambayo hutengenezwa kwa kuchanganya unga wake na maji, hutolewa kila baada ya saa nne, kipimo kikianzia chini na kupandishwa kadiri ya maumivu. Kipimo cha wakati wa kulala huweza kuongezwa maradufu kwa maelekezo ya daktari ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Siku za kwanza mgonjwa hulala sana, na jamaa hushtuka. Mara nyingi huo ni usingizi aliokuwa akiudai kwa majuma, na hali hiyo hupungua baada ya siku chache. Kero inayodumu ni kufunga choo, ndiyo maana dawa ya kulainisha choo huandikwa pamoja nayo. Ikipimwa ipasavyo, mofini huondoa maumivu bila kumfupishia mgonjwa maisha.

Sasa tugeukie sheria. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 26, inalinda uhai, na kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu anayeharakisha kifo cha mgonjwa huhesabiwa kuwa amekisababisha. Kumsaidia mtu kujiua kungali kosa kubwa. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha 226, kilichoadhibu jaribio la kujiua, kuwa kinyume cha Katiba, lakini uamuzi huo haukumpa daktari ruhusa ya kukatisha uhai.

Kukataa tiba ni jambo tofauti kabisa. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za tiba zilizopo na haki yake ya kuzikataa, pamoja na matokeo ya kukataa huko. Mzee mwenye akili timamu anayekataa kurudi wodini hajiui. Ni maradhi yanayomwua. Sheria hiyo pia inatambua mtu aliyeteuliwa na mgonjwa kwa maandishi ili atoe idhini kwa niaba yake asipoweza kusema. Asipokuwapo mtu huyo, neno huwaendea jamaa wa karibu, na ndipo simu za ng'ambo huanza kulia. Karatasi hiyo iandikwe mapema, mzee angali anaweza kutia sahihi.

Huduma ya kutuliza maumivu haiko mbali na Woodley. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka wa 1990, iko katika eneo la Hospitali Kuu ya Kenyatta, mwendo mfupi kwa gari. Mzee atulizwe maumivu, alale usiku mbili tatu, achunguzwe kama ana sonona, kisha aulizwe tena asubuhi, akiwa ametulia na bila umati wa jamaa chumbani. Huenda akabadili nia. Huenda pia akarudia neno lile lile, na hapo bintiye atajua kwamba ni babake anayesema.