Kuchagua kompyuta mpakato (2): Bawaba, vumbi na hewa ya Ufipa

Juma lililopita tulimaliza habari za prosesa na kumbukumbu, mambo ambayo muuzaji anakusomea kwenye kibandiko. Leo tunaingia kwenye umbo lenyewe, na hapo kibandiko hakikusaidii. Ishike.

Anza na bawaba. Inua kifuniko kwa kidole kimoja, tena kwenye pembe, si katikati. Plastiki ikilia, au kioo kikipinda kabla hakijainuka, irudishe mezani. Mashine nyingi za bei ya chini zina bawaba za chuma zilizokazwa kwenye vinati vidogo vilivyozamishwa ndani ya plastiki. Bawaba ikianza kuwa ngumu, chuma hakivunjiki. Plastiki ndiyo inayong'oka na vinati vyake. Fundi ataibandika kwa gundi, itashika kidogo, kisha itaachia palepale. Mashine za kiofisi kama ThinkPad, Latitude na EliteBook kwa kawaida bawaba zake hushikwa na fremu imara zaidi, mara nyingi ya magnesiamu. Ndiyo maana naona mtumba mzuri wa ThinkPad ni bora kuliko plastiki mpya inayong'aa.

Neno la "kiwango cha kijeshi" lisikutishe. MIL-STD-810 ni utaratibu wa majaribio wa jeshi la Marekani, lakini kampuni hujichagulia yenyewe majaribio ya kufanya, na hakuna jeshi linalogonga muhuri. Usiamini jina tu: Wafipa wa zamani hawakukiamini hata chuma kilichotoka kwenye malungu, yale matanuru yao marefu ya udongo. Walikisafisha tena kwenye tanuru dogo ndipo kikafuliwa jembe.

Vumbi nalo lina kesi yake. Mwaka 2015 Apple ilianza kuuza MacBook zenye kibodi nyembamba mno, vitufe vikibonyea kiduchu tu. Umbo la alumini halikuwa na dosari, ila chembe moja ya uchafu iliweza kukwamisha herufi. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kuzitengeneza bure, na kuanzia mwishoni mwa 2019 ikarudia kibodi ya mtindo wa awali. Anayekijua kiangazi cha huku Ufipa, au aliyeteremka Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa mwezi Septemba, haelezwi zaidi. Ukikutana na mtumba wa miaka hiyo, bonyeza kila kitufe, hata vile usivyovitumia.

Kuhusu joto: Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu moja ya tano. Feni inazunguka vilevile, lakini inasukuma hewa pungufu. Si hatari, kwa kuwa watengenezaji wengi huruhusu hadi mita 3,000 hivi. Tatizo ni baridi ya Juni na Julai, inayotupeleka kitandani na mashine. Nyingi hunyonya hewa kwa chini, na blanketi huziba matundu yote. Chagua yenye miguu ya mpira iliyoinuka.

Mwisho, ipindue. Mfuniko wa chini ukifunguka kwa skrubu za kawaida, fundi wa mjini ataifagia feni kila mwaka. Ukiwa umegundishwa, utampa kazi ya kubomoa.

Juma lijalo: betri na chaja.