Bonde la Moshi Katika Nchi ya Theluji

Wahenga walisema kwamba panapofuka moshi hapakosi moto. Katika nchi ya Aisilandi, mbali sana kaskazini ya dunia, liko bonde lifukalo usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, wala hapana ukuni hata mmoja uwakao ndani yake. Wenyeji huliita Reykjadalur, maana yake Bonde la Moshi. Lakini kwa kweli kinachofuka si moshi, bali ni mvuke wa maji yachemkayo chini ya ardhi. Ajabu ya bonde hili huonekana zaidi katika majira ya baridi, wakati nchi yote imefunikwa na theluji, na mahali pale maji hutiririka yakiwa ya moto.

Bonde hilo liko juu ya mji mdogo uitwao Hveragerði, mwendo wa kilomita 45 hivi kutoka Reykjavik, mji mkuu wa nchi. Karibu yake umesimama mlima Hengill, wenye kimo cha mita 803. Mahali hapo palitema moto mara ya mwisho kiasi cha miaka 2,000 iliyopita, lakini volkano yake haijafa, imelala tu.

Asili ya moto huo si vigumu kufahamika kwa msomaji wa Kenya. Aisilandi imekaa juu ya ufa mkubwa wa dunia, ambapo vipande viwili vya gamba la ardhi vyaachana polepole, kiasi cha sentimita 2 kila mwaka. Ni jambo lile lile lililoumba Bonde la Ufa la kwetu. Maji ya mvua na theluji huzama katika nyufa za miamba, yakafika chini penye joto kali, kisha yakapanda tena juu yakiwa maji ya moto au mvuke.

SAFARI YA WAKATI WA BARIDI

Mgeni atakaye kulitazama bonde hilo katika mwezi wa Desemba hana budi kuhesabu saa zake vema. Katika siku zilizo fupi kabisa, jua huonekana kwa muda wa saa 4 tu au zaidi kidogo, kisha giza hurudi. Njia yenyewe hupanda mlimani zaidi ya kilomita 3, na huchukua muda wa saa moja au zaidi kwa miguu. Barafu huifanya iteleze kama sabuni, hata watu wenye busara hufunga kucha za chuma chini ya viatu vyao. Upepo wa huko ni mkali, na theluji yaweza kuanguka ghafula hata njia isionekane.

Apandapo, mgeni huona dalili kidogo kidogo. Kwanza hunusa harufu ya kiberiti, mfano wa yai lililooza. Kisha huona mahali ambapo theluji imekatika, na badala yake pana kuvu la kijani kibichi, kana kwamba ni majira mengine. Baadaye husikia tope likichemka shimoni, likivuma kama uji mzito jikoni. Mwisho hufika mtoni. Chemchemi za maji ya moto huingia katika mto huo na kuchanganyika na maji baridi, hata watu huweza kuoga humo huku theluji ikiwaangukia vichwani. Atakaye joto zaidi husogea juu. Atakaye joto la wastani hushuka chini kidogo. Nywele zilizolowa mvuke huganda barafu, ilhali mwili umo katika maji yenye joto.

HATARI ILIYOJIFICHA

Lakini bonde hilo si mahali pa mchezo. Maji ya chemchemi nyingi hukaribia kuchemka kabisa, na kandokando yake ardhi yaweza kuwa nyembamba kama ukoko wa mkate. Theluji huzidisha hatari, kwani hufunika ufa na shimo, na mtu hukanyaga akidhani pana ardhi imara. Ndiyo sababu zimewekwa njia za mbao, na mgeni huonywa asizitoke hata hatua moja. Katika mji wa Hveragerði iko chemchemi iitwayo Manndrápshver, yaani chemchemi iuayo watu, kwa kuwa hapo zamani mtu alitumbukia humo akafa. Jina hilo lafundisha kuliko ubao wa onyo.

Ardhi yenyewe pia haitulii. Watu wa Hveragerði hawataisahau tarehe 29 Mei, 2008, siku lilipopiga tetemeko kubwa. Nyumba nyingi ziliharibika, ingawa hakuna mtu aliyekufa. Na kilimani juu ya mji zikatokea chemchemi mpya mahali ambapo hazikuwapo kabla.

MOTO ULIOTIWA BOMBANI

Basi watu hao huishije na jirani wa namna hii? Hawakumkimbia, wala hawakumdharau. Walijifunza tabia zake. Mwaka 1908 mkulima mmoja wa Aisilandi alivuta maji ya chemchemi kwa bomba mpaka nyumbani kwake, yakampasha joto wakati wa baridi. Mwaka 1930 mji wa Reykjavik ulivuta maji ya moto kwa bomba la kilomita 3, yakaipasha joto shule na nyumba chache. Zamani zile mji huo ulikuwa ukifunikwa na moshi wa makaa ya mawe yaliyonunuliwa ng'ambo kwa fedha nyingi. Leo kiasi cha nyumba 9 katika kila 10 nchini humo hupata joto lake kutoka chini ya ardhi. Hellisheiði, mtambo ulioanza kazi mwaka 2006 upande wa pili wa mlima ule ule wa Hengill, hutoa megawati zipatazo 300 za umeme.

Mkulima atapendezwa zaidi na habari za nyumba za vioo. Hveragerði ni mji wa nyumba hizo. Nje theluji imelala. Ndani, kwa joto la chemchemi na mwanga wa taa za umeme, hukua nyanya, matango na maua. Katika nyumba moja ya vioo ya chuo cha kilimo kilicho karibu na mji huo hustawi hata migomba, nayo huzaa ndizi. Tena wako watu wafukiao unga wa shayiri nyeusi uliokandwa, ndani ya chombo, katika udongo wa moto. Kiasi cha siku moja baadaye hufukua mkate ulioiva.

Lakini faida hiyo ina gharama zake. Mwaka 2011 maji yaliyokwisha tumika katika mtambo wa Hellisheiði, yalipokuwa yakirudishwa ardhini, yaliamsha matetemeko madogo madogo yaliyowasumbua watu wa Hveragerði. Na mwaka 2018 njia ya Bonde la Moshi ilibidi ifungwe kwa muda, kwa sababu miguu ya wageni wengi ilikuwa imeigeuza kuwa matope na kuharibu mimea. Zawadi ya ardhi yaweza kuharibiwa na wale wale waipendao.

NA KWETU JE?

Habari hizi si za mbali kama zionekanavyo. Wako vijana wa Kenya waliokwenda Aisilandi kujifunza elimu ya mvuke wa ardhini, na hesabu yao imezidi ya taifa lingine lolote lililopeleka wanafunzi huko. Mtambo wa kwanza wa Olkaria, karibu na Naivasha, ulianza kazi mwaka 1981 kwa megawati 15. Leo umeme wa mvuke nchini Kenya wapita megawati 900. Mwaka 2003 shamba la maua la Oserian lilianza kutumia joto la mvuke huo katika nyumba zake za vioo. Na kule Eburru, mahali palipo na shida ya maji, wenyeji wamezoea kuutega mvuke utokao ardhini, kuupoza katika mabomba, na kuyakinga maji yake. Zamani mvuke wa Eburru ulikausha hata pareto.

Kwetu pia gharama imeonekana. Mwaka 2014 jamaa za Wamaasai zilihamishwa kutoka makao yao ili kupisha kazi za Olkaria, na malalamiko yao yalifika hata kwa mabenki yaliyotoa fedha. Yafaa jambo hilo likumbukwe kila mara shimo jipya litakapochimbwa.

Mkulima akaaye kando ya mahali pafukapo mvuke asipaone kuwa ni ardhi iliyolaaniwa isiyofaa kitu, wala asiwaache watoto wake na ng'ombe wake wapakanyage ovyo. Apazungushie ua imara. Kisha awaulize wenye elimu ya mvuke, ambao wengi wao sasa ni watoto wa nchi hii, kama joto hilo laweza kukausha mahindi yake au kuchemsha maziwa yake. Watu wa Aisilandi walianza na bomba moja la mkulima mmoja.